Haikuuma, Eti?

Sindano imeshatoka, pamba imekandamizwa begani, mtoto hajapata hata pumzi ya kulia vizuri, na tayari mtu mzima ameinama anauliza: "Umeona? Haikuuma, eti?" Swali hili halitafuti habari yoyote. Mtoto wa miaka mitano analielewa haraka kuliko tunavyodhani. Akikubali ataitwa shujaa. Akikataa atakuwa anabishana na mkubwa ambaye bado amemshika mkono. Wengi hukubali. Jibu hilo la adabu ndilo linalobaki kuwa ushahidi kwamba maumivu ya sindano kwa watoto ni jambo dogo.

Hoja yangu ni kwamba tumekuwa tukipima kitu kingine. Tunapima utulivu wa chumba, halafu tunasema tumepima maumivu ya mtoto. Aliyenyamaza anahesabiwa kuwa hakuumia. Aliyepiga kelele anahesabiwa kuwa anadeka. Hesabu zote mbili zinamfaa anayechoma, na zote mbili zinaweza kupishana mbali na alichokihisi anayechomwa.

Watoto wachanga ndio walioonja uchungu wa hesabu hizo kuliko wote. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali nyingi za nchi tajiri, watoto njiti walipasuliwa kwa dawa kidogo mno. Wengine walipewa dawa ya kulegeza misuli na gesi ya naitrasi oksaidi, basi. Sababu zilizotolewa zilisikika za kitaalamu: mishipa yao ya fahamu haijakomaa, dawa kali za maumivu zitawazimia pumzi, na hata wakiumia hawatakumbuka. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio walilolifanya kwa watoto njiti waliokuwa wakifungwa mshipa ulio karibu na moyo. Nusu yao waliongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Walioipata walikuwa na mshtuko mdogo wa homoni mwilini, na walipata matatizo machache baada ya upasuaji. Mwaka huohuo Anand na Paul Hickey walikusanya ushahidi wote uliokuwapo na kuuchapisha katika New England Journal of Medicine, na tangu hapo ikawa vigumu kwa daktari kusema kwamba mtoto mchanga haumii.

Kinachonisumbua katika historia hiyo ni aina ya ushahidi uliowageuza wakubwa. Vichanga walikuwa wakilia na kukunja nyuso tangu dunia iumbwe, na mama yeyote angeweza kueleza maana yake. Lakini kilio hakikutosha. Ilibidi homoni zipimwe kwenye damu. Na yule aliyepewa dawa ya kulegeza misuli hakuweza hata kulia. Ukimya wake ulitengenezwa kwa dawa, kisha kimya hicho kikasomwa kama dalili nzuri.

Mtu anaweza kusema hayo yamepita. Kwa upasuaji, kwa kiasi kikubwa yamepita. Kwa sindano na michomo midogo, sina hakika hata kidogo. Ricardo Carbajal na wenzake waliwafuatilia watoto 430 katika wodi za uangalizi maalumu wa vichanga katika eneo la Paris, kwa siku 14 za mwanzo tangu walipolazwa, na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Mtoto wa kawaida kati yao alipitia matendo 10 yenye maumivu kwa siku, na kuchomwa kisigino ili kutoa damu ni miongoni mwa yaliyojirudia mara nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya matendo hayo yalifanyika bila dawa wala mbinu yoyote mahususi ya kupunguza maumivu. Hii ilikuwa karibu miaka 20 baada ya makala za Anand, katika nchi isiyokosa dawa.

Ile sababu ya tatu, kwamba hawatakumbuka, nayo imeanguka. Anna Taddio na wenzake nchini Canada waliwachunguza vichanga wa kina mama wenye kisukari, ambao huchomwa kisigino mara kwa mara katika siku ya kwanza ya maisha ili sukari yao ipimwe. Baadaye watoto hao walipokuwa wakitolewa damu mkononi, walikunja uso zaidi kuliko watoto wengine hata wakati ngozi inasafishwa tu, kabla sindano haijafika. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2002. Mtoto mwenye umri wa siku moja alikuwa ameshajifunza kwamba baada ya ubaridi wa pamba yenye spiriti huja uchungu. Hakuwa na neno hata moja la kusimulia, lakini alikuwa na kumbukumbu.

Hapa pana kisa ambacho kila anayezungumzia maumivu ya watoto angepaswa kukikalia kitako, nacho ni kisa cha maji ya sukari. Matone machache kwenye ulimi wa kichanga, dakika kama mbili kabla ya kumchoma, humpunguzia kilio na kumlegeza uso. Majaribio mengi yamethibitisha hivyo, na wodi nyingi zimelifanya jambo hilo kuwa desturi. Ni rahisi, ni salama kwa dozi ndogo, na mzazi anaona kwa macho yake kwamba limesaidia. Kisha mwaka 2010 Rebeccah Slater na wenzake jijini London wakachapisha jaribio la vichanga 59 waliokuwa wakichomwa kisigino. Wengine walipewa sukari, wengine maji matupu. Safari hii watafiti hawakutazama uso peke yake, walipima pia umeme wa ubongo. Nyuso za waliopata sukari zilikuwa tulivu zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini ubongo ulipokea mchomo ule kwa nguvu ileile katika makundi yote mawili.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali na bado hayajaisha. Wapo waliosema kwamba alama ile ya umeme inaonyesha habari imefika kwenye ubongo, na kufika kwa habari si sawa na kuumia. Huenda sukari inafanya kazi mbele zaidi, pale ambapo habari inageuka kuwa mateso. Hilo linawezekana. Wengine wakasema sukari inamzuia mtoto kuonyesha tu, na tumekuwa tukimziba mdomo kwa utamu. Hilo pia linawezekana. Mimi nisingemnyima kichanga sukari kwa sababu ya jaribio moja. Mtoto asiyetapatapa anachomwa mara moja badala ya tatu, na hiyo peke yake ni faida. Ninachokataa ni uso uliotulia kufunga faili. Kama kitu kinachobadilika kwa uhakika ni uso, basi tunachojua kwa uhakika ni habari ya uso.

Tukumbuke pia namna mwili wa kichanga ulivyojengwa. Njia zinazopeleka habari ya maumivu juu kwenye ubongo huwa zinafanya kazi wakati mtoto anazaliwa; zile zinazoshuka kutoka ubongoni kuja kuipunguza hukomaa baadaye. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford waliwaweka vichanga 10 waliolala kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, na kuwagusa unyayoni kwa kijiti chenye ncha ambacho hakikutoboa ngozi. Maeneo 18 kati ya 20 ya ubongo yanayoamka kwa mtu mzima anapoumizwa yaliamka kwao pia, tena kwa mguso hafifu zaidi. Kwa hiyo ile dhana ya kale kwamba kadiri mtu alivyo mdogo ndivyo anavyoumia kidogo haina pa kushika.

Sasa twende kwa wenye maneno. Kuanzia miaka minne au mitano, watoto wengi wanaweza kueleza ukubwa wa maumivu wakipewa nyenzo inayowafaa, na nyenzo inayotumika zaidi ni picha za nyuso zilizopangwa kutoka hali ya kutoumia hadi maumivu makubwa kabisa. Namba za 0 hadi 10 hufaa zaidi kuanzia takriban miaka minane. Kabla ya hapo mtoto anaweza kuhesabu mpaka 100 bila kujua kwamba saba ya maumivu ni zaidi ya tano. Wadogo sana nao, hata wakipewa nyuso, hupenda kuchagua ncha mbili tu: ama hakuna kitu, ama ndiyo mwisho wa dunia.

Hata nyuso zenyewe zina siasa yake. Kipimo cha Wong-Baker, kilichoanza mwaka 1983 na ambacho pengine ndicho maarufu kuliko vyote, kinaanza na uso unaotabasamu na kuishia na uso unaotoa machozi. Kipimo kingine, cha nyuso sita, kilichoboreshwa mwaka 2001, hakina tabasamu wala machozi. Kinaanza na uso wa kawaida na kuishia na uso uliokunjamana. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ujiweke mahali pa mtoto. Kwenye kile cha kwanza, ili aseme "siumii" inabidi anyooshee kidole uso wenye furaha, naye hana furaha, amechukizwa na kuletwa hapa. Na mvulana aliyekaza meno asilie atakataaje kuwa analia huku akichagua uso unaolia? Tafiti zilizolinganisha vipimo vya aina hizi mbili zimeonyesha kwamba vile vinavyoanza na tabasamu huleta alama za juu zaidi. Maana yake kipimo kinachanganya maumivu na huzuni, hofu na hasira, kisha kinatoa namba moja.

Mkanganyiko huo una maana kubwa kwa sindano, kwa sababu kwenye sindano hofu hutangulia. Kuna mtoto anayepiga mayowe tangu mlangoni. Mkubwa anasema: unaona, hata hajaguswa, huyu anaigiza. Lakini hofu huongeza maumivu; hilo ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa vizuri katika fani nzima. Mtoto aliyeogopa sana atahisi mchomo uleule kwa ukali zaidi, na akikuambia ameumia sana hajakudanganya. Sababu ya kutenganisha hofu na maumivu ni ya kimatibabu: krimu ya ganzi inatuliza ngozi tu, haimtulizi anayetetemeka kwa woga, na hadithi nzuri ya kumpumbaza haimalizi uchungu wa dawa inayowasha ndani ya msuli. Kwa hiyo mtoto aulizwe mambo mawili, mara mbili, kwa vipimo viwili: uliogopa kiasi gani, na iliuma kiasi gani. Wanaouliza hivyo ni wachache.

Yupo na mtoto anayeficha. Zamani watoto waliolazwa walipewa dawa za maumivu kwa sindano, na wauguzi makini wakagundua jambo la ajabu: mtoto aliyetoka kupasuliwa anakana kwamba anaumwa. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Kusema ukweli kungeleta sindano nyingine. Ukweli wake haukurekodiwa, na asiyeumwa haandikiwi dawa. Mwaka 1977 Joann Eland na Jane Anderson walieleza kundi la watoto 25 waliofanyiwa upasuaji; 13 kati yao hawakupewa dawa yoyote ya maumivu. Mbinu ya kificho ingali hai leo kwa sura nyingine. Mtoto mwenye kisukari, seli mundu au saratani ya damu, anayechomwa wiki baada ya wiki, hufika mahali akanyamaza, na watu humsifu: huyu ameshazoea. Watafiti waliowafuatilia watoto wenye saratani tangu miaka ya 1980 wameonya kuhusu sifa hiyo. Michomo ikirudiwa, dhiki haitoweki yenyewe. Mara nyingi inabadilika kutoka kelele kwenda kwenye kukaza misuli, kichefuchefu, usingizi kukatika usiku wa kuamkia kliniki.

Na sisi tunaotazama, tunatazama kwa macho gani? Kwa ujumla, wauguzi na madaktari hukadiria maumivu ya mtoto chini ya anavyosema mwenyewe. Wazazi hukaribia zaidi, lakini nao mara nyingi hupungukiwa. Jaribio moja la mwaka 2019, lililoongozwa na Brian Earp, lilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Watu wazima nchini Marekani walionyeshwa video ya mtoto wa miaka mitano anayechomwa kidole ili kutoa damu. Wengine waliambiwa mtoto huyo ni Samuel, wengine Samantha. Mtoto ni yuleyule, kilio ni kilekile. Walioambiwa ni mvulana walisema ameumia zaidi. Walikuwa wamebeba imani kwamba mvulana hulia akiumia kweli, ilhali msichana hulia tu. Nao wakaisoma imani yao kwenye uso wa mtoto. Sitashangaa kama mvulana halisi naye analipa gharama yake kwa njia nyingine, kwa kuambiwa ajikaze mpaka ajifunze kutotoa ushahidi kabisa. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake, lakini tunathubutu hata kuwahesabu.

Kuhusu watoto wasiosema kwa sababu ya ulemavu, nitasema machache kwa kuwa kanuni yake iko wazi. Kipimo kiitwacho FLACC, cha mwaka 1997, humtazama mtoto uso, miguu, kutapatapa, kilio na jinsi anavyobembelezeka, na kimeboreshwa ili mzazi aongeze dalili za mtoto wake: mmoja hucheka akiumia, mwingine huacha kupumua kidogo. Anayejua lugha hiyo ni mzazi, na aulizwe kabla sindano haijafunguliwa. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, IASP, iliporekebisha mwaka 2020 fasili yake ya tangu 1979, iliandika kwamba maneno ni njia mojawapo tu ya kueleza maumivu na kwamba kushindwa kuwasiliana hakuondoi uwezekano kuwa mtu anaumia. Iliandika pia kwamba mtu akisema anaumia, kauli yake iheshimiwe. Sehemu zote mbili za fasili hiyo huvunjwa kwa mtoto ndani ya dakika moja ya sindano.

Turudi kwa yale yanayotoka midomoni mwetu, maana hapo ndipo ninapoona tatizo na tiba kwa pamoja. Wazazi wenye upendo husema: usijali, usiogope, inaisha sasa hivi, pole mwanangu. Meghan McMurtry na wenzake waliwauliza watoto wenyewe wanaonaje mzazi akisema hivyo. Katika makala yao ya mwaka 2010 walionyesha kwamba watoto humwona mkubwa anayewahakikishia hivyo kuwa ndiye mwenye hofu, kuliko yule anayezungumza habari nyingine. Ukifikiri kidogo utaona mantiki ya mtoto. Hakuna anayemwambia "usiogope" akiwa anakula au anacheza. Husikia maneno hayo pale tu penye jambo la kuogopwa, tena kwa sauti iliyopanda kidogo na mkono uliomkaza. Basi anafanya jambo la busara: anaogopa.

Simaanishi mzazi akae kama gogo. Kumshika, kumkalisha wima mapajani, kumsimulia kisa, kumpulizisha mapovu au kumfundisha kuvuta pumzi ndefu kwa tumbo, yote hayo yana ushahidi wa kutosha. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 59 ya sindano kwa watoto na vijana, yaliona manufaa katika kumpumbaza mtoto, katika mbinu za pumzi, katika tiba ya fikra na tabia na hata katika hipnosisi. Lakini "haiumi" haimo humo. Hiyo ni ahadi ambayo sindano yenyewe itaivunja baada ya sekunde mbili. Mtoto akishachomwa anabaki na uamuzi mgumu: ama mkubwa huyu si wa kuaminiwa, ama mwili wangu ndio mwongo. Sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi kwa mtu ambaye miaka kumi baadaye tutamtaka atuambie kifua kinamuuma wapi.

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni hili: tunazungumzia sekunde chache, na sindano yenyewe inamkinga na surua au dondakoo, ugomvi wa nini? Chanjo ninaitaka kwa kila mtoto, na kwa sababu hiyohiyo pingamizi hilo silikubali. Sekunde zinapita, simulizi inabaki. Melanie Noel na wenzake waliwatia watoto wenye afya mikono kwenye maji baridi mno, wakawauliza maumivu papo hapo, wakawauliza tena baada ya wiki mbili wanavyoyakumbuka, kisha wakawarudisha kwenye maji yaleyale. Kumbukumbu ilitabiri maumivu ya mara ya pili vizuri kuliko kile walichokisema mara ya kwanza. Anayekumbuka uchungu uliokua ataumia zaidi safari ijayo. Na kumbukumbu hutengenezwa baada ya tukio, njiani kurudi nyumbani, katika namna wakubwa wanavyolisimulia: "ulivyopiga kelele leo, umetutia aibu," au "uliogopa, ukapuliza pumzi vile nilivyokuonyesha, ukaweza."

Matokeo yake yanaonekana kwenye takwimu za hofu. Katika utafiti uliofanyika Toronto na kuchapishwa mwaka 2012, asilimia 63 ya watoto na asilimia 24 ya wazazi walisema wanaogopa sindano. Na kwa asilimia 7 ya wazazi na 8 ya watoto hofu hiyo ndiyo ilikuwa sababu kuu ya kutokamilisha chanjo. Hofu hupungua kadiri umri unavyokwenda, lakini haiishi kwa wote. Yule anayeahirisha kipimo cha damu akiwa na miaka 40 alianzia mahali.

Kinachoudhi ni kwamba mengi ya kufanya hayahitaji fedha. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake kuhusu maumivu ya chanjo mwaka 2015, na sehemu kubwa ni mambo ya mikono na mdomo. Anayechoma awe mtulivu na atumie maneno yasiyotisha. Mtoto mdogo ashikwe na mzazi, mkubwa kidogo akae wima, asilazwe chali na kukandamizwa. Anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla. Kama kuna chanjo kadhaa, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Bomba lisivutwe nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma dawa; sehemu zinazochanjwa hazina mishipa mikubwa, na kuvuta huko kunarefusha mchomo na kuitikisa sindano ndani ya msuli. Paracetamol kabla ya chanjo haikupendekezwa, wala kumsugua mtoto mahali pa kuchomwa. Krimu ya ganzi inasaidia kweli, ila ina gharama na huhitaji kama saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo shirika halikuitaka kila nchi iiingize kwenye ratiba ya taifa. Kwa mtoto anayetolewa damu kila wiki, sioni udhuru wa kuikosa pale inapopatikana.

Muuguzi mwenye foleni ndefu ataniambia hana muda wa kumhoji kila mtoto. Namwelewa, ila nadhani muda si kisingizio chenyewe. Kumshika kwa nguvu mtoto anayerusha mateke kunachukua watu watatu na dakika tano. Tunakwepa kuuliza kwa sababu jibu linatufunga. Mtoto akisema iliuma sana, na ukaliandika, inabidi safari ijayo ufanye kitu tofauti. Usipouliza, unaendelea na siku yako.

Basi tuulize vizuri. Kabla ya sindano aambiwe kweli kwa kipimo chake: utahisi kitu kinachoma au kinasukuma, wengine wanasema inauma kidogo, wengine sana, wewe utaniambia ilikuwaje kwako. Baada ya sindano asubiriwe dakika chache, maana mchomo wa kwanza ni mkali na mfupi, lakini uchungu wa msuli uliojazwa dawa huja taratibu nyuma yake, na anayeulizwa papo hapo atajibu nusu. Apewe nyuso zisizotabasamu. Anayemuuliza awe mtu ambaye hakushika sindano, ikiwezekana, na amuulize kabla ya peremende, kwa sababu mtoto aliyeshaahidiwa zawadi ya ushujaa ameshajua jibu linalotakiwa. Kadi za chanjo zina nafasi ya jina la chanjo na tarehe. Ziongezewe mstari mmoja wa uso aliouchagua mtoto na kilichomsaidia, ili muuguzi wa safari ijayo ausome kabla ya kufungua sindano.